Nani Aliyevitakasa Vita? Uhakiki wa Istilahi "Vita Vitakatifu" katika Kiswahili na Fasihi Yake

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi "vita vitakatifu" jinsi inavyotumika katika Kiswahili, kwanza kama tafsiri ya neno jihadi, na pili kama jina la jumla la vita vinavyopiganwa kwa jina la Mungu. Hoja kuu ni kwamba istilahi hii haitaji aina ya vita, bali hutoa hukumu juu ya vita, na papo hapo humficha anayeitoa hukumu hiyo. Kwa kuchambua vijenzi vya istilahi, na kwa kurejelea Utendi wa Tambuka, tenzi za Hemedi bin Abdallah el-Buhriy na tamthilia ya Kinjeketile, makala yanaonesha kwamba fasihi ya Kiswahili ina njia yake ya kuvitaja vita vya namna hiyo: huvitaja kwa mahali na kwa watu, na utakatifu, pale unapotajwa, huwekwa katika nia na katika kifo cha mtu. Mwisho, makala yanatoa mapendekezo kwa wafasiri, watunga kamusi na walimu wa fasihi.

1.0 Utangulizi

Msikilizaji wa taarifa za habari kwa Kiswahili, awe Kampala, Bujumbura au Mombasa, amekwisha kuzoea kusikia kwamba kundi fulani "limetangaza vita vitakatifu". Maneno hayo hupita upesi, na taarifa huendelea na habari nyingine. Lakini katika kanda yetu maneno hayo hayapiti bila kuacha kitu nyuma. Tarehe 11 Julai 2010 watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala waliuawa kwa mabomu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Waliotenda hayo walidai kwamba wanapigana jihadi, na baada ya matukio hayo neno lao lilibaki midomoni mwa watu wote. Wapo waliolitumia kumshuku jirani kwa sababu ya kanzu au buibui lake. Wapo pia waliolitumia kumshawishi kijana aache masomo na kuvuka mpaka.

Katika hali hiyo, swali la maana ya istilahi si la wanaisimu peke yao. Mwanafunzi anapomwuliza mwalimu wake, "Je, vita vinaweza kuwa vitakatifu?" hapaswi kujibiwa kwa kufunguliwa kamusi na kusomewa visawe. Anauliza kama Kiswahili chenyewe kinakubali jambo hilo. Makala haya yanajaribu kumjibu. Tutaanza na neno, kisha tutaingia katika fasihi, na baadaye tutaitazama historia ya kanda yetu ili kuona nani amekuwa akivipa vita jina hilo, na kwa faida ya nani.

2.0 Vijenzi vya Istilahi

Istilahi yetu ina maneno mawili, nayo yamekutanishwa kutoka nyumba mbili. "Vita" ni neno la Kibantu lisilobeba hukumu yoyote: kuna vita vya haki na vya dhuluma, vita vya ndugu na vya wageni. "-takatifu" limetokana na kitenzi takata, yaani kuwa safi, kama maji yaliyotakata au moyo uliotakata. Kutokana na kitenzi hicho tunapata takasa, utakaso, na kwa kiambishi -ifu tunapata kivumishi takatifu, kwa njia ileile ambayo tukuka hutupatia tukufu.

Ulinganisho huo wa takatifu na tukufu una umuhimu mkubwa, kwa kuwa matumizi yamezigawa sifa hizi mbili baina ya jamii mbili za waumini. Wakristo husema Biblia Takatifu, Roho Mtakatifu, Maandiko Matakatifu. Waislamu husema Kurani Tukufu na Mwezi Mtukufu wa Ramadhani. Mpaka huo hauna ukuta, na wapo wanaouvuka kila siku, lakini msemaji mzawa huusikia. Kwa hiyo, mwandishi anapotafsiri jihadi kwa "vita vitakatifu", anaivika dhana ya Kiislamu joho la kanisani. Tafsiri ya namna hiyo haikuzaliwa katika mazungumzo ya Waswahili wa dini hizo mbili. Imepita katika lugha za Ulaya kwanza, ndipo ikaja kwetu.

Hata huko ilikotoka, nasaba yake ni ya kushangaza. Wagiriki wa kale walikuwa na vita walivyoviita vitakatifu, na mwanahistoria Thucydides anavitaja. Vilikuwa vita vya kugombea usimamizi wa hekalu la Delphi. Utakatifu hapo ulikuwa wa mahali palipogombewa. Katika Biblia ya Kiebrania, kitenzi cha kutakasa kimeambatanishwa na vita katika sehemu tatu mashuhuri: Yeremia 6:4, Mika 3:5 na Yoeli 3:9. Msomaji anayetarajia kuona watu wa Mungu wakivitakasa vita vyao atashangaa. Katika Yeremia, wanaovitakasa vita ni maadui wanaojiandaa kuushambulia mji wa Sayuni. Katika Yoeli, mwito unaelekezwa kwa mataifa yanayokwenda kuhukumiwa. Katika Mika, wanaofanya hivyo ni manabii wanaomtangazia amani aliyewalisha, na kumwandalia vita aliyewanyima chakula. Mika, kwa maneno mengine, aliuliza swali la makala haya kabla yetu: ni nani anayevitakasa vita, na amelipwa nini?

Kwa upande wa Kiarabu, mzizi wa neno jihadi ni j-h-d, wenye maana ya kujitahidi na kutumia nguvu zote. Kurani haina kirai chenye maana ya "vita vitakatifu", na kwa kupigana ina neno jingine, yaani qital. Kiswahili kilipokea maneno yote mawili. Qital lilikuwa kitali katika lugha ya washairi. Mzizi j-h-d ulitupatia, pamoja na jihadi, juhudi na jitihada. Mwalimu anayemwandikia mwanafunzi "ongeza juhudi" katika ripoti ya muhula anatumia mzizi uleule unaomtisha msikilizaji wa redio. Na ule msemo "katika njia ya Mwenyezi Mungu", ambao katika Kurani huambatana na jihadi mara nyingi, umetua katika Kiswahili kama fisabilillahi, neno ambalo mzee wa pwani hulitumia anapotoa kitu bila kutaka malipo. Lugha imeyapokea maneno ya mapambano na kuyapa kazi shuleni na sadakani.

Hatudai kwamba jihadi ni juhudi tu. Fikihi ya Kiislamu inaijua jihadi ya silaha, ina kanuni zake kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuitangaza na nani haruhusiwi kuuawa, na tenzi zetu, kama tutakavyoona, husifu upanga waziwazi. Tunachodai ni kwamba neno jihadi lina upana na masharti, ilhali "vita vitakatifu" hufuta upana na kuondoa masharti. Vita vikishaitwa vitakatifu, hakuna nafasi ya kuuliza kama vilitangazwa na mwenye mamlaka, wala kama aliyeuawa alikuwa mpiganaji au mwanafunzi aliyelala bwenini.

3.0 Vita vya Dini katika Tenzi

Kama kuna mahali ambapo tungetarajia Kiswahili kiviite vita vitakatifu, ni katika tenzi za kishujaa za Kiislamu. Jambo la kwanza linaloonekana ni anwani zake. Haji Chum aliandika juu ya Vita vya Uhud. Utendi wa Mwengo wa Athumani unajulikana kama Tambuka, yaani Tabuk, au Chuo cha Herekali. Vita huitwa kwa mahali vilipopiganwa au kwa jina la mtu aliyepigwa. Wala ushindi si sharti la kuimbwa: Uhud, mwaka 625, ni vita ambavyo Waislamu walishindwa. Mtunzi aliyechagua kuimba siku ya kushindwa hakuwa anatafuta uthibitisho kwamba Mungu huupa ushindi upande wake kila mara. Alikuwa anatafuta somo la utii na subira.

Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na ambao hati yake inatupeleka mwaka 1728, unadai kutazamwa kwa makini zaidi. Katika historia, safari ya Tabuk ya mwaka 630 iliisha bila mapigano. Jeshi la Mtume lilifika, halikukutana na jeshi la Warumi wa Mashariki, likarejea Madina. Katika utendi, safari hiyo imekuwa vita vikubwa vya mashujaa na panga. Wahakiki wengine wameliona hili kuwa kosa la mtunzi au ni mazoea ya masimulizi ya maghazi aliyoyarithi. Sisi tunaliona kuwa ufunguo. Utendi huu hausimulii kilichotokea Tabuk. Unajenga vita vya mfano, ambavyo kila hatua yake inafuata adabu: waraka hutangulia upanga, mfalme huitwa katika dini na kupewa nafasi ya kujibu, na mapigano huja baada ya mwito kukataliwa. Utakatifu, kama upo, umo katika utaratibu huo wa kutanguliza neno.

Tukiitazama Pate yenyewe mwaka huohuo, mfano huo unapata maana nyingine. Mwaka 1728 Wareno waliirejesha Mombasa mikononi mwao kwa muda mfupi, na mtawala wa Pate alikuwa amepatana nao, kwa kuwa alitaka msaada wao dhidi ya Waomani. Yaani, wakati mtunzi wa Pate akiimba juu ya Waislamu kupigana na mfalme wa Kikristo, mji wake ulikuwa umefungamana na Wakristo dhidi ya Waislamu wenzao. Si lazima tumshuku mtunzi kwa unafiki, wala tudai kwamba alikuwa akimkosoa mtawala wake kwa mafumbo. Inatosha kuona umbali uliokuwapo kati ya vita vya beti na vita vya bandarini. Wasikilizaji wa utendi waliishi na vyote viwili, na hawakuvichanganya. Kosa la kuvichanganya ni la msomaji wa leo, anayechukua vita vya mfano na kuvifanya amri ya kutekeleza.

Ushahidi wa pili unatoka kwa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Mtunzi huyu mmoja ametuachia tenzi juu ya vita vya namna tofauti. Katika Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, Waislamu wanapambana na wapinzani wa dini. Katika Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, mjukuu wa Mtume anauawa Karbala, mwaka 61 Hijria, na jeshi la watu wanaoswali kuelekea kibla kilekile. Katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, watu wa pwani wanawakabili Wajerumani waliokuja mwaka 1888 na madai juu ya bendera na forodha.

Tukiuchukua ufafanuzi wa kawaida kwamba vita vitakatifu ni vita vya waumini dhidi ya wasioamini, basi Karbala, ambayo machozi yake hayajakauka kwa karne kumi na tatu, haina nafasi katika ufafanuzi huo. Na vita vya Mrima, ambavyo kwa ufafanuzi huohuo vingestahili kuitwa vitakatifu kwa kuwa pande mbili zilitofautiana dini, vimetufikia kwa anwani yenye neno "kutamalaki". Hilo ni neno la milki: kuichukua nchi na kuifanya mali yako. Anwani inatuambia kwamba kiini cha ugomvi kilikuwa nani awe mwenye nchi. Dini imo katika utenzi huo, tangu jina la Mungu linalofungua kazi kama hizi hadi dua inayozifunga, lakini imo kama hewa ambayo mtunzi anaivuta, haijafanywa sababu ya kila risasi.

Zaidi ya anwani, kuna neno moja ambalo katika Kiswahili limebeba uzito wa utakatifu wa vita, nalo ni shahidi. Neno hilo lina maana ya anayetoa ushahidi barazani na pia ya anayekufa kwa ajili ya imani yake. Husseini ni shahidi. Na Wakristo wa kanda hii walipotafuta jina la vijana waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, wengi wao Namugongo, waliwaita Mashahidi wa Uganda. Mashahidi hao hawakushika silaha. Waislamu wa Buganda nao wanawakumbuka wenzao waliouawa zama za Mutesa I, mwaka 1876. Hapa Kiswahili kimefanya jambo ambalo "vita vitakatifu" haliwezi: kimeuweka utakatifu katika mtu anayekubali kufa kuliko kuikana imani yake, awe wa dini hii au ile, awe na upanga au mikono mitupu.

4.0 Maji, Mafuta na Mipaka ya Neno "Takatifu"

Hadi hapa tumezungumzia dini zenye vitabu. Mtihani mgumu zaidi wa istilahi yetu ni vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Vita hivyo vilikuwa na mjumbe wa mizimu, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Vilikuwa na dawa ya kutakasa na kukinga, yaani maji. Vilikuwa na miiko. Hakuna sharti la vita vitakatifu lililokosekana. Hata hivyo, vitabu vyetu vya shule haviviiti hivyo. Huviita vita vya ukombozi pale vinapovisifu, na ushirikina pale vinapozungumzia yale maji. Sababu tunaijua, ingawa hatupendi kuisema: neno takatifu tumeliwekea uzio, na dini za wazee wetu tumeziacha nje. Istilahi inayodai kuwa ya jumla imekwisha kupanga dini kwa madaraja kabla hatujaanza kuchambua.

Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alikwepa uzio huo kwa kuuliza swali la ndani zaidi. Kinjeketile wake anataka maji yaunganishe makabila kwanza. Watu wanayachukua maji kama ruhusa ya kupigana sasa hivi. Tena, katika ujumbe aliopewa na Hongo mna ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kinjeketile anaposhtukia maana ya ahadi hiyo, anaanza kushuku kama neno lililotoka kinywani mwake ni la mizimu, ni lake, au ni la bwana mwingine anayengoja zamu yake ya kutawala. Huu ndio uhakiki mkali kuliko wote wa vita vitakatifu uliowahi kuandikwa kwa Kiswahili, na umeandikwa bila kuitumia istilahi hiyo hata kwenye anwani. Hussein hadhihaki imani ya watu. Anaonesha jinsi neno takatifu likishatoka haliwezi kurudishwa na aliyelisema. Mwishoni shujaa wake anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua kwamba wenye nguvu watalitumia kukiri kwake kuthibitisha kwamba kupigania nchi pia kulikuwa uongo. Anabaki kati ya uongo wa maji na ukweli wa madai.

Kanda yetu ilishuhudia jambo la jamaa hiyo tena. Mwaka 1986, kaskazini mwa Uganda, Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena, aliongoza wapiganaji waliojipaka mafuta ya kuwakinga na risasi, na harakati yake ikaitwa kwa jina la Roho Mtakatifu. Walishindwa karibu na Jinja mwaka 1987. Hapa kivumishi takatifu kilikuwamo katika jina lenyewe la harakati, lakini tuliwaita waasi. Tumekuwa tayari kuazima "vita vitakatifu" kwa ajili ya Mwislamu asiyejiita hivyo, na kumnyima Mkristo aliyejiita karibu hivyo. Tofauti hiyo haielezwi na maana ya neno. Inaelezwa na mazoea ya nani tunamwogopa.

5.0 Jina kama Silaha

Mifano miwili ya kihistoria itaikamilisha hoja. Tarehe 14 Novemba 1914, dola ya Uthmania ilitangaza jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi, ikiungwa mkono na mshirika wake, Ujerumani. Ujerumani ileile iliyokuwa imewanyonga viongozi wa Maji Maji, na ambayo mwaka 1908 maofisa wake walitishwa na barua zilizosambaa pwani zikidaiwa kutoka Makka, sasa ilitaka jihadi ipiganwe kwa faida yake. Mtaalamu wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliandika mwaka 1915 kwamba vita vitakatifu hivyo vilikuwa bidhaa iliyotengenezwa Ujerumani. Katika Afrika Mashariki, askari Waislamu walikuwa katika majeshi ya pande zote mbili, wakiuana kwa amri ya wafalme Wakristo.

Mfano wa pili unapita njia iliyo kinyume. Tarehe 24 Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, na bunduki za kampuni ya Kiingereza chini ya Lugard zikaamua mshindi. Hivyo vilikuwa vita vya dini kwa kila kipimo, lakini Waganda waliziita pande hizo Bafransa na Bangereza, yaani Wafaransa na Waingereza. Wapiganaji wote walikuwa Waganda. Jina walilopewa lilisema wazi jambo ambalo lugha ya utakatifu ingelificha: nyuma ya altare kulikuwa na bendera.

Katika 1914, kwa hiyo, jina la dini lilivishwa vita vya dola. Katika 1892, jina la dola liliifunua dini ilivyotumiwa. Mhakiki anapaswa kujifunza kwa Waganda hao.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeonesha kwamba "vita vitakatifu" ni istilahi iliyofika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, kwamba inaunganisha kivumishi cha dini moja na dhana ya nyingine, na kwamba fasihi yetu bora juu ya vita vya imani imejenga maana zake bila kuitegemea. Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, wafasiri na wanahabari waache kuitumia kama kisawe cha jihadi. Aliyesema jihadi aandikiwe jihadi. Pande mbili zinapopigana kwa misingi ya dini, tunalo neno la kutosha: vita vya dini. Na kiongozi anapodai kwamba vita vyake ni vitakatifu, dai liandikwe pamoja na mwenye dai: "vita ambavyo fulani anaviita vitakatifu". Itasemwa kwamba kuliacha neno jihadi bila tafsiri kunazidisha hofu. Sisi tunaona kinyume chake. Hofu huzidi neno linapotengwa na jamaa zake.

Pili, kwa sababu hiyohiyo, watunga kamusi wamwoneshe msomaji ujamaa wa jihadi, juhudi na jitihada, pamoja na tofauti ya jihadi na kitali. Nafasi inayohitajika haizidi mstari mmoja.

Tatu, walimu wa fasihi wazifundishe Tambuka na Kinjeketile pamoja. Kazi moja inaonesha vita jinsi waumini walivyotamani viwe, vyenye waraka kabla ya upanga. Nyingine inaonesha neno takatifu likimponyoka mwenyewe. Mwanafunzi aliyezisoma zote mbili, siku atakapoambiwa kwamba anaitwa vitani kwa jina la Mungu, atajua kuuliza: nani amevitangaza, kwa mamlaka gani, na atakayekufa ni nani? Swali la tatu ndilo ambalo watangazaji wa vita hulijibu kwa nadra, kwa kuwa mara nyingi wao wenyewe hawamo katika jibu.